Bendi Tisa za Takimura

Mtu yule hakupiga hodi. Alishuka kwenye gari dogo jeupe, akauruka mfereji wa maji machafu huku amekumbatia boksi kama aliyebeba mtoto wa watu, na Swafiya alipoinua macho kutoka kwenye kadibodi aliyokuwa akiiandika, mgeni alikwisha kuwa ndani, anatafuta pa kutua mzigo wake.

"Fundi Habimana ndiye huyu?"

Habimana alikuwa na bisibisi katikati ya meno. Aliitoa. "Ndiye. Karibu, mzee. Kimekufa nini?"

"Hakijafa kitu. Hiki ndiyo kwanza kimezaliwa."

Alisema anaitwa Eustache, kwamba ana duka kule mjini, na kwamba amekuja Nyamirambo mwenyewe kwa sababu wateja wamemchosha. "Nikiwaonyesha kitu kipya wanasema, ngoja kwanza tukasome kwa Habimana. Bon. Nimekuja kumwona huyo Habimana anayesomwa kuliko gazeti."

Hakutia chumvi. Kila kitu kipya kilichoingia Kigali, iwe redio kaseti, saa ya namba zinazowaka, pasi ya umeme au kile kikaseti cha kuvaa masikioni, siku moja kilifika juu ya benchi la Habimana. Alikifungua, akakifunga, akakiwasha asubuhi mpaka jioni kwa siku saba kamili. Siku ya nane alimwita mkewe, kwa kuwa mwandiko wake yeye ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino, akamtajia maneno, na Swafiya akayaandika kwa kalamu nene: jina la kitu, kinachokiweza, kisichokiweza, na chini kabisa neno moja tu, NUNUA au ACHA. Kadibodi ikatundikwa mlangoni. Watu walikuja kusoma kutoka Biryogo na Gikondo, wengine wakitembea kwa miguu toka Gahanga na pesa ya mavuno mfukoni. Hakuna aliyelipa kwa kusoma. Lakini kitu kikiharibika walikirudisha kwa fundi huyohuyo, na hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokula.

Eustache alifungua boksi. Ndani kulikuwa na redio nyeusi yenye ukanda wa fedha, eriali ndefu, na mbele maandishi ya dhahabu: TAKIMURA, BENDI TISA.

"Hii ni yako, zawadi," alisema. "Ninazo mia nne kwenye ghala. Ijumaa watu wakitoka msikitini nataka waikute mlangoni kwako, na neno lako chini."

"Leo Jumanne, mzee. Mimi napima siku saba."

"Siku saba! Hata Mungu alipumzika siku ya saba, wewe utakuwa bado unapima?" Alicheka, akamgeukia Swafiya. "Madamu, mwambie mzee wako. Hii imetoka Dubai, haikutoka porini."

Swafiya alitabasamu kwa adabu. Baada ya gari kuondoka alibaki ameikodolea macho ile redio, kwa maana ilikuwa nzuri kweli, na nyumba yao ya mafundi redio haikuwa na redio yake mwenyewe.

*

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1992. Vita vya kaskazini vilikuwa vinakaribia miaka miwili, mazungumzo ya amani yalikuwa yameanza Arusha, na hakuna mtu mjini ambaye hakutaka redio. Redio ya taifa ilisema ya kwake. Aliyetaka kusikia na ya wengine alihitaji mawimbi mafupi, yale yaliyoleta Kiswahili cha London na cha Ujerumani saa za jioni, nayo watu wa Nyamirambo waliyasikiliza kwa sauti ya chini, kila familia na mlango wake umerudishwa.

Siku mbili za kwanza Takimura ilifanya vizuri. Redio ya taifa iliingia safi, muziki ukajaa chumba. Melchior, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja akaja kusimama kizingitini.

"Fundi, hiyo redio ina sauti ya padri aliyeshiba," alisema. "Niwekee moja. Ile yangu iliyo hapo benchini ukiiponya nitamuuzia mkwe."

Siku ya tatu Habimana alisogeza swichi kwenye bendi ya tatu. Ikatoa redio ya taifa. Akasogeza ya nne. Redio ya taifa. Ya tano, ya sita, mpaka ya tisa: habari zilezile, mtangazaji yuleyule. Alivuta eriali, akaipeleka uani, akaifunga kwenye waya wa kuanikia nguo. Jioni London ilipokuwa ikiongea kwenye kila redio nzima ya mtaa, Takimura iliendelea kutangaza bei ya maharage.

Aliifungua. Akaichungulia mpaka ndani kabisa, kisha akaita, "Swafiya. Njoo uone kitu."

Swichi ilikuwa na meno tisa. Mawili yalikuwa na nyaya. Saba yaliyobaki yalikuwa yakigonga plastiki tupu, tak, tak, tak, yakiwa yametengenezwa yatoe mlio wa kitu kinachofanya kazi.

"Wamechora namba," Habimana alisema. "Mtu alikaa kiwandani akachora namba, akijua kabisa."

Swafiya alicheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha akaacha.

Kesho yake alikuja mukecuru Gahongayire, ambaye wote walimwita hivyo, mukecuru, kwa heshima ya mvi zake. Alikuwa ametoka upande wa Byumba, kaskazini, vita vilimsukuma kutoka kilima hadi kilima mpaka akafika kwenye chumba cha mpwa wake nyuma ya soko, na sasa alikuwa anauza maparachichi sokoni Nyabugogo. Kiswahili alikipata zamani kwenye biashara ya mpakani na Uganda. Kusoma hakujua.

"Mwana wangu," alimwambia Swafiya, "ile redio mupya ya bendi tisa, iko inasikia mbali?"

"Bado fundi anapima, mukecuru, na neno lake halitoki kabla ya siku saba. Unataka kusikia nini?"

"Nataka kusikia hii mambo ya Arusha mimi mwenyewe. Asubuhi mutu anasema, rudini nyumbani, njia iko wazi. Saa sita mwingine anasema, ukirudi utakufa. Bwana wa mpwa wangu alirudi kuangalia mashamba, hatujamuona." Alipapasa fundo la kanga yake pale kiunoni. "Iko na pesa ya redio moja. Nikikosea, sina ingine. Hiyo karatasi yenu ya mlango mimi sioni kitu ndani yake. Utaniambia kwa mdomo?"

"Nitakuambia."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kabla hujatoa hata faranga moja."

Lilikuwa jambo dogo, kama kumwahidi mtu chumvi. Gahongayire alimwachia parachichi mbili na kwenda zake.

*

Eustache hakungoja siku saba ziishe. Alikuja Ijumaa hiyohiyo, wakati wanaume wanashuka kutoka msikitini, akakuta mlangoni hakuna kadibodi. Habimana alimwonyesha swichi. Alimwonyesha kwa upole, kama daktari anayemwonyesha mtu jino lake lililooza.

"Mzee, wamekuibia. Zirudishe kwa aliyekuuzia."

"Nizirudishe Dubai?" Eustache hakuitazama swichi hata kidogo. "Fundi, redio ya taifa inaingia?"

"Inaingia vizuri sana."

"Basi andika hivyo."

"Nitaandika. Mstari wa kwanza kabisa. Wa pili nitaandika bendi ni mbili."

"Mwananchi mwema anahitaji bendi ngapi?" Sauti ya Eustache ilikuwa bado ya kirafiki. "Nauliza tu. Kwa sababu na wengine watauliza. Huyu fundi anayelilia mawimbi mafupi, anamtafuta nani huko? Sisi wote tunajua waasi wanatangaza huko siku hizi."

Watu wawili waliokuwa wamesimama kusikiliza walikumbuka kwamba wana safari. Habimana alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Siku saba zikiisha nitaandika nilichokiona," alisema. "Sijui kuandika kingine."

Asubuhi ya Jumanne, siku ya nane, Swafiya aliandika: TAKIMURA. Redio ya taifa safi. Sauti nzuri. Bendi mbili, si tisa. ACHA. Alipokuwa anaweka nukta, aliuliza, "Hatuwezi kuiacha bila kuandika chochote? Tuseme tu hatukuipima?"

"Kila mtu ameiona hapa mezani," Habimana alisema. "Nikinyamaza wataelewa nimesema nunua."

*

Siku ileile, kabla ya adhuhuri, wakaja watu watatu, wawili na sare, mmoja bila sare. Hawakugusa Takimura. Walikwenda moja kwa moja kwenye benchi, penye redio kumi na moja za wateja, na yule asiye na sare akainama kuitazama mishale yake ya stesheni, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayekagua madaftari.

Siku zile mtu akimaliza kusikiliza stesheni za mbali alirudisha mshale kwenye redio ya taifa kabla ya kuzima, kama anavyosukutua mdomo mwenye kula kitunguu. Hata watoto walijua. Lakini Habimana alikuwa na desturi ya ufundi wake: redio iliyopona aliiacha na mshale pale penye mawimbi dhaifu kuliko yote, ili mwenyewe akija kuiwasha asikie kwamba imepona kweli. Kwa miaka kumi mkono wake ulifanya hivyo bila kumuuliza.

Yule mtu alisimama mbele ya redio ya kahawia. "Hapa mshale uliposimama, unasikiliza nini?"

"Napima tu, afande. Hapo mawimbi ni dhaifu sana. Redio ikishika hapo, inashika popote."

"Kwa hiyo imeshika."

"Imeshika vizuri," Habimana alisema. Alijivunia kazi yake, na kabla hajafunga mdomo akaelewa kwamba amekiri kuisikiliza.

Walimchukua na redio zote kumi na moja, zikiwa zimerundikwa ndani ya shuka la kitanda chake mwenyewe. Ile ya kahawia ilikuwa ya Melchior.

Mchana uleule Melchior alikuja, hakuvuka kizingiti. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni.

"Shemeji, pole. Ile redio." Alitazama barabarani. "Ukiulizwa, si yangu. Niliiokota. Hapana, usiseme niliiokota. Sema tu si yangu."

"Sawa, Melchior."

"Na ile suruali ya mzee wako, niliyosema nitaishona bure. Itabidi ingoje kidogo."

Wenye redio nyingine kumi hawakuwa na aibu hiyo. Walikuja kuzidai. Mwanamke mmoja aliingia mpaka chumbani akatazama chini ya kitanda, na Swafiya akamwinulia godoro ili aone vizuri.

*

Kituoni chakula kilipokelewa dirishani. Askari alifunua sufuria, akachovya kidole kwenye mchuzi, akanyonya. "Onja wewe kwanza," alimwambia Swafiya. Alionja. "Onja tena, nyama." Alipokwisha kuonja, askari alichagua vipande viwili vilivyobaki akavila amesimama, akimsifu kwa upishi.

Siku ya nne walimruhusu kumwona kwa dakika chache, uani, chini ya jicho la mtu. Habimana alikuwa ameshika suruali kwa mkono kwa kuwa mkanda walimnyang'anya. Sikio la kushoto lilikuwa limevimba mpaka shavuni.

"Hili halisikii," alisema, akijaribu kutabasamu. "Limebaki bendi moja."

Swafiya alishindwa kucheka. Alimwambia kwamba Eustache ametuma mtu, anamwita dukani.

"Nenda."

"Unajua atakachotaka."

"Anachotaka, mpe. Andika anavyotaka." Alizungumza haraka, akitazama viatu vya yule askari. "Swafiya, sikiliza. Kesho kutwa wanapeleka watu gereza kubwa. Kule sikuwezi. Andika, bwana, ni kadibodi tu."

Kwa miaka sita ya ndoa hakuwahi kumsikia akisema ni kadibodi tu. Alirudi nyumbani na sufuria tupu, akikataa kuyafikiri maneno yale, kwa sababu yalimuumiza kuliko sikio.

Eustache alimpokea dukani na kumwacha amesimama katikati ya wateja mpaka alipomaliza kumhudumia wa mwisho. Kisha akawa mwema. Aliagiza soda. Alisema yeye si mtu mbaya, amekopa, ana watoto wanane, wale wa Dubai walimdanganya kama walivyomdanganya kila mtu, na mia nne ni nyingi. Hakusema kama ndiye aliyewaita wale watatu, na Swafiya hakuuliza. Kulikuwa na simu juu ya kaunta, nyekundu, na alipozungumza aliweka kiganja juu yake.

"Nina mtu pale kituoni. Nikipiga, mzee wako analala nyumbani. Lakini watu wanaujua mwandiko wako, madamu. Na uso wako wanaujua. Kesho Jumamosi utaandika, utakaa hapa mlangoni, wanaouliza utawajibu. Saa kumi nikiona mambo yamekwenda, napiga."

"Kwa nini usipige sasa?"

"Wewe mke wa fundi unaniuliza hivyo? Kitu si lazima kipimwe kwanza?"

*

Jumamosi alikaa kwenye kiti cha plastiki, kadibodi juu ya kichwa chake: TAKIMURA. BENDI TISA. NUNUA. Herufi zilikuwa zake, zilizonyooka vilevile.

Watu walikuja. "Mlisema ni mbili," kijana mmoja alisema.

"Ile ilikuwa mbovu. Hizi ni nzuri."

"Na fundi mwenyewe?"

"Anaumwa kidogo."

Mwalimu wa shule alinunua. Mume na mke kutoka Gahanga walinunua, wakamshukuru kwa mikono miwili. Kila aliyebeba boksi Swafiya alimsindikiza kwa macho mpaka kona, kisha akatazama saa ya ukutani. Saa saba. Saa nane. Alijifunza kujibu kabla swali halijaisha. Eustache alimletea sambusa na hakumdharau; alimwita dada.

Saa tisa na nusu ukanda wa kivuli ulikuwa umefika miguuni pake, na Gahongayire akaja, vumbi la Nyabugogo mpaka magotini. Hakutazama kadibodi. Kwake ilikuwa kipande cha boksi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kiti, akashusha kikapu.

"Mwana wangu, nimekutafuta nyumbani, iko imefungwa. Wamesema uko huku." Alipumua. "Watu wote wa soko wamenunua. Mpwa wangu ananiambia, nunua, zinaisha. Mimi nikasema hapana. Nangoja yule mutoto. Alisema ataniambia."

Eustache alikuwa nyuma yao, kaunta ikiwa hatua tatu. Alikuwa amekwisha inua mkonga wa simu, ameushikilia begani, kidole kwenye namba ya kwanza. Alimwonyesha Swafiya, kwa nyusi, kwamba anapiga sasa.

"Karibu, mukecuru," alisema kwa uchangamfu. "Moja?"

"Sikuuliza wewe, patroni. Nauliza huyu." Gahongayire alifungua fundo la kanga. Noti zilikuwa laini kama vitambaa, zimekunjwa ndogo ndogo, na zilinuka maparachichi. "Haya. Iko inasikia mbali?"

Swafiya alimfikiria Habimana, mkono kwenye suruali. Aliwafikiria wote aliowajibu tangu asubuhi, na jinsi jibu moja zaidi lisingeongeza kitu. Alifungua mdomo ili aseme ndiyo. Neno lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia. Lakini mama huyu hakuwa amemuuliza mke wa fundi, wala mwandiko. Alikuwa amengoja siku zote hizi, akiuza tunda moja moja, kwa sababu mtu alimwambia, mimi mwenyewe.

"Hapana, mukecuru," alisema. "Haisikii mbali. Bendi ni mbili. Hizo nyingine wamechora."

Alikuwa amesema kwa sauti ya kawaida, na duka lote lilisikia. Mteja aliyekuwa akijaribu eriali aliirudisha chini taratibu.

Gahongayire hakushukuru. Uso wake ulilegea kwa huzuni, kama wa mtu aliyefika mlangoni akaambiwa wenyewe wamehama. "Sasa mimi nitasikia wapi?" aliuliza.

"Sijui, mama yangu."

"Nimengoja bure."

"Ndiyo. Funga pesa yako."

Nyuma yao mkonga wa simu ulirudi mahali pake bila namba kupigwa, ukalia mara moja, ting, kidogo tu. Swafiya hakugeuka. Vidole vya mukecuru vilikuwa vizito, vilikataa kukunja noti, na moja ilianguka sakafuni. Swafiya aliinama akaiokota, akaipangusa vumbi, akazikunja zote pamoja, akazirudisha ndani ya kanga na kuanza kulikaza fundo yeye mwenyewe, mara ya kwanza, kisha mara ya pili, kwa nguvu.